Salama, Ila

Mzunguko wa Hali uliisha bila kuzidisha muda, feni za ukumbini zikaanza kuvuma, na Kidawa akaegemea kiti chake. Kwa siku nyingine tena hakuna mtoto aliyekosa hewa. Mzee Mhina, mwenzake wa zamu, hakuinua hata macho. Alikuwa anamenya karanga juu ya meza ya mitambo, jambo lililokatazwa kwa tangazo lililobandikwa ukutani, juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Umeona?" Kidawa akasema. "Haijagusa hata mpaka."

"Nimeona. Kama unataka nikupigie vigelegele, ngoja nimalize karanga."

Hapa ni Fungoni, mji wa chini ya ardhi huko Mirihi, na ulikuwa msimu wa vumbi. Vumbi la Mirihi likishanyanyuka halina haraka ya kutua. Sola zote za juu zilikuwa zimefunikwa, betri zimeshuka, na kompyuta ya mji, ambayo siku za neema hufanya mambo chungu nzima kwa pamoja, sasa iliyafanya moja moja, kama watu kwenye foleni ya bomba. Mambo hayo watu waliyaita kazi za chinichini, kwa sababu hakuna anayeziona zikifanyika. Kuna ya kuyeyusha barafu ya kunywa, kuna ya kupasha joto bustani, kuna ya kufagia takataka za kumbukumbu. Kila moja ina zamu yake. Ikimaliza inaipisha inayofuata, na zamu zote zikiisha zinaanza upya. Kidawa na Mzee Mhina ndio waliopanga ipi itangulie na ipi ifuate, na kuhakikisha hakuna inayolala bombani.

Zilizowapa presha ni mbili, Hali na Hewa. Hali ilikuwa kazi ya kuwapigia simu watu wa vituo vya nje, wale wanaokaa mbali uwandani wakichimba barafu na kuangalia pampu, na kuwajulia hali asubuhi na jioni. Sauti iliyouliza ilikuwa ya Kidawa. Waliirekodi zamani, baada ya watu kulalamika kwamba ile ya Mzee Mhina inawatisha. Hewa nayo ilikuwa kazi ya kuzungusha feni za ukumbi mkubwa, ambako familia zote zenye watoto zilikuwa zimehamishiwa mpaka vumbi lipite. Mnara wa simu na feni zile havikuweza kula umeme kwa wakati mmoja. Ilikuwa lazima Hali iishe ndipo Hewa ianze.

Na Hali ilikuwa haiishi. Hebu mpigie mtu aliye peke yake jangwani umuulize habari, uone utakata simu saa ngapi! Mwanzoni mwa vumbi mzunguko ulikuwa unazidi muda kila siku, feni zinangoja, watu wanaelezana ndoto. Mpaka asubuhi moja Chausiku, mjukuu wa Mzee Mhina, mtoto wa kunyonya, akageuka midomo rangi ya majivu mikononi mwa mama yake. Aliponea chupuchupu. Baraza la mji likakaa siku hiyo hiyo na kutoa kanuni: aliyepigiwa akishajibu kwamba yu salama, au mzima, au hajambo, inatosha. Mashine iandike "mzima", ikate, iende kwa mwingine. Akijibu vingine, au asipojibu kabisa, ndipo imwite Kidawa.

Kidawa aliiandika kanuni hiyo kabla chai yake haijapoa. Tangu hapo feni hazikuchelewa tena, na mashine haikumwita hata mara moja.

*

Aliyeleta kisirani siku hiyo alikuwa mfagiaji, yaani ile kazi ya kufuta takataka za kumbukumbu. Zamu yake ilikuwa imerukwa kwa sababu ya bustani, ambako hita iligoma ikala muda wa watu. Kidawa akafungua ghala la takataka aone kama linaweza kusubiri hadi jioni.

Alitegemea kukuta vipande vya hesabu na tarakimu. Alikuta sauti. Ilimchukua muda kuelewa zimetoka wapi. Mashine ikishasikia "salama" huacha kusikiliza palepale, lakini laini yenyewe huchelewa kidogo kufunga, na yale maneno yanayosemwa katika upenyo huo huangukia ghalani kama maganda ya penseli inapochongwa. Mfagiaji huja akayafuta kabla ya mzunguko mwingine. Hakuna aliyewahi kuyasikia, na hakuna aliyejua kwamba yapo.

Akavaa visikilizio.

"...ila goti hili, mwanangu, goti hili."

"...ila pilipili zimetuishia. Hivi huko hamna hata ya unga?"

"...ila huyu mwenzangu anakoroma. Mnihamishe jamani, kabla sijafanya jambo."

Kidawa akacheka peke yake, Mzee Mhina akamtupia jicho. Akaendelea kusikiliza. Mmoja alikuwa ameota upele. Mmoja aliuliza kama mdogo wake ameshajifungua, na akauliza kwa namna inayoonyesha ameuliza mara nyingi. Kufikia kipande cha tano au cha sita kicheko kilikuwa kimeshamwisha. Kila kipande kilianza na neno lile lile.

Kisha akafika Kisiki, kituo cha mbali kuliko vyote, na sauti ya mwanamke mzee, taratibu, bila hasira yoyote.

"...ila nilishawaambia. Basi."

Akairudia. Halafu akavua visikilizio na kuiweka kwenye spika.

"Huyo ni Bi Staajabu," Mzee Mhina akasema. Aliziacha karanga. "Mke wa Ngwali. Nilichimba naye yule bwana mahandaki ya kwanza ya mji huu. Alituambia nini?"

"Sijui. Ya nyuma yote yamefagiliwa."

"Si mashine imeandika?"

Kidawa akafungua orodha ya Kisiki. Mzima, mzima, mzima, asubuhi na jioni, tangu kanuni ilipoanza.

Wote wawili waliitazama orodha, na nadhani kila mmoja alikuwa anakumbuka kikao kile cha baraza. Walikuwamo watu wazima, wenye elimu zao na wajukuu wao, na hakuna hata mmoja aliyeona tundu. Ajabu ya Mungu! Watu ambao tangu wazaliwe hawajaulizwa habari wakajibu "mbaya". Mtu wa kwetu nyumba yake inaungua, jirani anamwuliza habari za asubuhi, naye anajibu nzuri, ila moto umeshika jikoni. Salamu ni salamu, na habari huja baada yake. Sasa watu hao hao wamekaa wakaamuru mashine isikilize salamu na ikimbie habari, wakapiga makofi, wakaenda kula.

Kidawa aliona aibu. Hakuona aibu ya baraza. Aliona aibu ya kile kikombe cha chai ambacho hakikuwahi kupoa.

*

Mwenyekiti wa baraza, Bwana Akilimali, alikuwa ukumbini anagawa uji. Tangu familia zihamie huko alikuwa ameiacha ofisi yake. Alisema hawezi kuongoza watoto kwa barua. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya mambo yangekuwa mepesi kwa Kidawa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Mashine zinasemaje?"

Kidawa akamweleza yote, kuanzia mfagiaji hadi Kisiki. Bwana Akilimali alimsikiliza ameshika upawa, uji unadondoka tone tone sakafuni.

"Kisiki?" akasema. "Kisiki ndicho kituo chenye nidhamu kuliko vyote. Pampu inafanya kazi, mlango umeziba vizuri, na hewa wanatumia nusu ya waliyokuwa wanatumia. Juzi tu tumewapelekea pongezi za maandishi."

"Vipimo haviwezi kusema mtu ana nini, Mwenyekiti."

"Kuna kengele ya dharura. Lingekuwa jambo kubwa angeibonyeza."

"Labda."

"Sasa unataka nini?"

"Jioni, mzunguko ukifika Kisiki, mashine isikate. Niongee naye mimi mwenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka aseme."

Bwana Akilimali akaurudisha upawa sufuriani. "Na kama ila yake ni goti?"

Ila ya mtu huwezi kuipima uzito kabla hujaisikia, na kuisikia kulilipwa kwa feni za ukumbi ule. Ungeweza kutumia pumzi za watoto ukaambulia habari za pilipili. Ungeweza pia kuzitunza pumzi hizo na usijue kamwe ulichokikata. Kidawa aliliwaza hilo njia nzima akija, na hapo mbele ya sufuria ya uji alikuwa hajafika popote.

"Na wenye magoti je?" Bwana Akilimali akaendelea. Hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kweli. "Ukimsikiliza huyu, wale wengine utawaambia nini?"

"Sijui, Mwenyekiti."

Bwana Akilimali aliugeukia ukumbi. Watoto walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu kwenye mikeka, wengine wanacheza mdako kwa kokoto nyekundu, polepole, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kucheza polepole. Mama Chausiku alikuwa karibu na feni, kama alivyokuwa kila siku, na mtoto amemwelekeza uso kwenye upepo.

"Kisiki muweke wa mwisho," akasema. "Taa ya hewa ya ukumbi ikiwa ya kijani, ongea naye. Ikiwa ya njano, aga. Ikiwa nyekundu, kata, hata kama yuko katikati ya dua. Na swichi ya kukata asishike mtu mwingine ila Mhina."

"Kwa nini yeye?"

"Mjukuu wake yumo humu."

*

Jioni Kidawa aliitoa Kisiki kwenye nafasi yake ya kawaida akaiweka mkiani mwa mzunguko, na kwa kituo hicho kimoja akaizima kanuni ya kukata. Mashine ikapita vituo vingine vyote kwa ile sauti yake ya zamani, habari za hapo, salama, kata, habari za hapo, hatujambo, kata. Mzee Mhina alikaa na mkono juu ya swichi. Taa ya ukumbi ilikuwa kijani.

Ikafika zamu ya Kisiki. Kidawa akavuta kipaza sauti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za huko?"

"Sijambo."

Kidawa akaingoja ila. Haikuja. Kilichosikika ni pampu tu, inavuta na kuachia. Huko Kisiki Bi Staajabu naye alikuwa anangoja, anangoja simu ikatwe kama ilivyo desturi yake.

"Bado upo?" Bi Staajabu akauliza mwishowe.

"Nipo, bibi."

"Leo hukati?"

"Leo sikati."

"Haya." Pampu ikavuta, ikaachia. "Na nyinyi huko hamjambo?"

"Hatujambo, bibi."

"Watoto hawajambo? Nilisikia mmewaweka pamoja."

Taa ikageuka njano.

Kidawa aliiona, na aliuona mkono wa Mzee Mhina ukikaza. Alikuwa na ila yake hapo, kubwa, imemjaa kinywani: hawajambo, ila kila neno lako linawapunguzia pumzi. Akiisema, mama huyu kwa adabu zake ataaga papo hapo, na haitajulikana alikuwa na nini.

"Hawajambo," akasema, akaishia hapo.

"Alhamdulillahi. Na yule mwenye sauti ya kutisha?"

"Mzee Mhina. Yupo hapa." Kidawa akaitupia taa jicho. "Bibi, asubuhi ulisema ulishatuambia. Ulituambia nini?"

"Mwanangu, usinifanyie hivyo."

"Nimefanya nini?"

"Si wewe unayenipigia kila siku? Sauti si hii hii? Nikakwambia mzee ana homa, ukakata. Jioni nikakwambia homa imeingia kifuani, naomba dawa, ukakata. Nikaiangalia kengele ya dharura, imeandikwa moto na hewa, homa haimo. Asubuhi nikakwambia..." Sauti ilimkauka, akaitafuta, akaipata. "Nikakwambia tumefiwa. Ukakata. Jioni ukanipigia tena, una furaha zako, habari za hapo! Nikasema, huyu binti ana moyo wa namna gani?"

Kidawa akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Halafu zikaja pongezi," Bi Staajabu akasema. "Za maandishi. Nikafikiri labda siku hizi ndivyo mnavyotoa pole."

"Haikuwa mimi, bibi," Kidawa akasema. "Ni mashine yenye sauti yangu. Tumeiambia mtu akishasema hajambo ikate. Haikukusikia. Hakuna hata mmoja aliyekusikia."

"Sasa mlitaka nisemeje? Nimrushie mtu msiba usoni kabla ya salamu?"

Hapo Mzee Mhina aliondoa mkono wake kwenye swichi. Hakumtazama Kidawa. Alikivuta kipaza sauti upande wake, akainama.

"Staajabu. Ni mimi, Mhina."

"Mhina."

"Makiwa, shemeji. Ngwali kweli?"

"Ngwali kweli."

"Ilikuwaje?"

Aliyewahi kukaa mkeka wa msiba analijua swali hilo. Halijibiwi kwa neno moja, wala halikuwekwa lijibiwe kwa neno moja. Mfiwa huulizwa ili aanze mwanzo kabisa, aseme marehemu alikula nini, alisema nini, nani aliitwa, nani alichelewa, mpaka yafike mwisho yamtoke. Mzee Mhina alilijua hilo kuliko Kidawa. Taa ilikuwa ya njano, mjukuu wake yumo ukumbini, na aliliuliza.

"Ilianza na homa ya kawaida tu," Bi Staajabu akasema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeruhusiwa kukaa chini. "Alirudi kutoka pampuni akasema chakula hakitaki. Nikamwambia, wewe Ngwali, chakula hukitaki au hutaki changu? Akacheka. Nikampikia uji, nikatia pilipili manga, unajua anavyopenda. Akanywa vijiko viwili, akaniambia..."

Taa ikageuka nyekundu.

Mzee Mhina alikuwa ameiona. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi wazi na alikuwa anaitikia, "Enhe," akinyamaza, kisha tena, "Enhe." Swichi haikuwa na mkono wa mtu juu yake. Kidawa alimngoja aikumbuke. Hakuikumbuka, au hakutaka. Basi Kidawa akaishika yeye, yule yule aliyeomba laini isikatwe.

"Bibi, nisamehe," akaingilia kati. "Nakata. Safari hii ni mimi mwenyewe, si mashine. Umeme tunaoongelea ni wa feni za watoto, na sasa hivi wanakosa hewa. Tunakuja huko."

Pampu ikavuta, ikaachia.

"Watoto wanakosa hewa," Bi Staajabu akasema, "na nyinyi mnaniacha naelezea uji? Si mngeniambia! Mngeniambia tangu siku ya kwanza, ningeanza na msiba, salamu zingefuata. Kata, mwanangu. Kata upesi!"

Kidawa akakata. Feni zikaanza kuvuma, na baada ya kitambo taa ikarudi njano, kisha kijani. Mzee Mhina alikuwa bado ameinamia kipaza sauti kilichokufa.

"Hakuwa amefika hata nusu," akasema.

*

Ilikuwa marufuku kutoka nje wakati wa vumbi. Bwana Akilimali alipoambiwa, hakuitaja marufuku. Aliuliza gari la nje lina viti vingapi, na alipojibiwa alisema kimoja ni chake. Watu wa ukumbini wakaleta unga, sukari, majani ya chai, na shuka nyeupe zilizofuliwa, mpaka buti ikakataa kufunga. Mama Chausiku alileta karafuu kwenye kitambaa. Aliwapa, akarudi karibu na feni.

Kabla ya kuondoka Kidawa alikaa mbele ya ratiba. Alijaribu kuandika kanuni mpya, mashine isikilize mpaka mtu amalize. Aliijaribu kwa mizunguko ya siku zilizopita, na kila mzunguko ukamwagikia kwenye Hewa mpaka kwenye nyekundu. Akajaribu kuiwekea kikomo, na kikomo chochote alichoweka kilimkata mtu. Kulikuwa na njia ya kuwatangazia watu wa vituo waanze na shida zao. Akaandika tangazo hilo, likapita barazani, akalipeleka kwa maandishi. Lakini kuibadilisha kanuni yenyewe hakuweza, si kwa betri zile. Na Kisiki hakuweza kuiacha ilivyo, laini wazi isiyokatwa, wakati mezani hapatakuwa na mtu wa kuifunga. Ingebaki wazi mpaka imalize umeme wa feni. Basi Kisiki akairudisha mahali pake katika mzunguko, chini ya kanuni ile ile, kama vituo vingine. Alifanya hivyo kwa mkono wake, akafunga mtambo, akaenda kuvaa.

Walisafiri mchana kutwa wakifuata nyaya zilizolazwa ardhini, kwa kuwa mbele hapakuonekana kitu. Bi Staajabu aliwafungulia mlango amejitanda khanga nyeusi. Alikuwa amemwosha mumewe mwenyewe, amemvika mashuka, amemsalia peke yake, na kumweka kwenye ghala la barafu akingojea watu. Alimwangalia Kidawa kwa muda.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mdogo hivi. Karibu."

Walichimba kwa keekee ya pampu, wakamzika Ngwali kabla mwanga mwekundu haujafifia. Waliporudi ndani walivua mavazi ya nje, wakatandika mkeka, Kidawa akabandika chai.

"Bi Staajabu," Bwana Akilimali akaanza, "kanuni ile ni ya baraza, na baraza ni mimi..."

"Kaa kwanza," Bi Staajabu akamwambia. "Kunywa chai."

Akakaa. Vikombe vikapita. Mzee Mhina akavuta miguu, akaweka kikombe chini.

"Enhe, shemeji. Ilikuwaje?"

Bi Staajabu akaanza upya, tangu pampuni, tangu chakula kilichokataliwa na utani wa chakula. Akapita uji wa pilipili manga na vijiko viwili. Akaeleza homa ilivyopanda na alivyomkanda kwa maji. Alikuwa amefikia kifua, jinsi kilivyoanza kukoroma, na jinsi alivyokaa kitandani akiwa na uhakika kwamba dawa ziko njiani kwa sababu alikuwa ameshasema, pale spika ya ukutani ilipokwaruza na taa yake ndogo ikawaka.

"Habari za hapo?" ikauliza, kwa uchangamfu.

Ilikuwa sauti ya Kidawa. Kidawa mwenyewe alikuwa mkekani, birika mkononi, amefunga mdomo. Mzee Mhina akamtazama, kisha akaitazama spika.

Bi Staajabu aligeuka haraka. Alijua sasa aseme nini kwanza, na tangazo lilikuwa limebandikwa pale pale chini ya spika. Lakini ameulizwa habari, na ulimi wake ulikuwa na umri mkubwa kuliko kanuni.

"Hatujambo," likamtoka, "ila tumefi..."

Taa ikazima.

Bwana Akilimali alikuwa anaikodolea macho ile spika, na kikombe chake kilikuwa kimeinama, chai inamwagikia mkeka. Bi Staajabu akaunyoosha mkono, akamwekea kikombe sawa.

"Ndivyo inavyokuwa," akamwambia, "asubuhi na jioni." Kisha akamgeukia Mzee Mhina. "Nilikuwa nimefikia wapi? Ee, kifua. Basi akaniambia, Staajabu, hebu nikalishe, nikiwa nimelala sipati pumzi."